Mchezo wa Mwaka 1918 Uchezwe, na Uchezwe Kama Ulivyo

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kujibu maneno ninayoyasikia kila waalimu wakutanapo kupanga michezo ya kuigiza ya mwisho wa mwaka. Mtu akitaja ule mchezo wa Horton Foote uitwao 1918, mara wenzake humnyamazisha. Huyu husema, "Ni mchezo wa huzuni." Yule husema, "Hakuna tendo ndani yake." Wa tatu husema, "Hayo ni mambo ya Wamarekani, sisi yatuhusu nini?" Kisha shauri hukatwa kwa haraka, nao watoto hufundishwa tena ule mchezo wa mfalme na mawaziri wake, ambao wazazi wameuona mara nyingi hata wanaweza kuwakumbusha wachezaji maneno waliyoyasahau. Mimi nasema kwamba hoja hizo ni dhaifu, na kwamba mchezo huo wafaa kuchezwa katika shule zetu, tena uchezwe kama ulivyo. Nitaeleza sababu zangu moja baada ya moja, na msomaji atapima mwenyewe.

Kwanza sina budi kuueleza mchezo wenyewe, maana wengi wanaoukataa hawajausoma. Horton Foote alizaliwa mwaka wa 1916 katika mji mdogo wa Wharton, katika nchi ya Texas, akafariki mwaka wa 2009. Aliandika michezo tisa inayofuatana juu ya maisha ya mtu mmoja aitwaye Horace Robedaux, tangu utoto wake wa uyatima mpaka utu uzima, naye Horace huyo alimfananisha na baba yake mzazi. Mji wa Harrison anaoutaja ni mji wa kubuni, lakini mfano wake ni Wharton. 1918 ni mmoja wa michezo hiyo tisa. Mwaka wa 1985 ulifanywa kuwa filamu, na binti wa mwandishi, Hallie Foote, alicheza nafasi ya Elizabeth, mke wa Horace. Maana yake ni kwamba alicheza nafasi ya bibi yake mwenyewe.

Habari zake ni hizi. Horace ni mwenye duka, ana mke na mtoto mchanga wa kike aitwaye Jenny. Vita Kuu inapiganwa Ufaransa, na mji mzima unazungumza juu ya vijana waliokwenda. Horace hana hamu ya kwenda, kwa kuwa amekua bila baba na sasa ndiyo kwanza amepata nyumba yake. Lakini mkwewe, Bwana Vaughn, aliye tajiri, anamwambia kwamba asiwe na wasiwasi, maana akienda vitani yeye atawatunza mke na mtoto. Hapo Horace amekwama. Udhuru wake umeondolewa kwa wema, na wema huo umekuwa mtego, kwa kuwa mtu hawezi kusema hadharani kwamba anaogopa, au kwamba anampenda mkewe kuliko bendera. Shemeji yake, kijana wa nyumba hiyo hiyo, yeye anaota sifa za vita mchana na usiku. Wakati huo huo mafua makali yanaingia mjini. Kila jirani apitaye analeta jina la mtu aliyekufa. Horace anaugua, akili zinampotea kwa homa, na anapozinduka anaambiwa kwamba Jenny amekufa. Baadaye habari za amani zinafika na watu wanashangilia njiani. Katika nyumba ile ile ya msiba Elizabeth anajifungua mtoto mwingine.

Huo ndio mchezo. Sasa nazijibu hoja.

Hoja ya kwanza ni kwamba mchezo hauna tendo. Wasemao hivyo wamezoea kwamba tendo ni upanga, au ni mtu kuanguka chini akishika kifua. Nawauliza, ni tendo gani kubwa kuliko lile la mtu aliyeambiwa akafe mbali, naye akaja kuponea kifo katika kitanda chake mwenyewe, huku mtoto aliyekuwa amelindwa ndani ya nyumba akichukuliwa? Aliyetakiwa na hatari ameachwa, na aliyefichwa na hatari ndiye aliyepatwa. Mwandishi hakuligeuza jambo hilo kuwa hotuba. Amelitia katika maneno ya kawaida ya watu wanaokaa barazani wakiulizana nani amezikwa leo. Basi ikiwa watazamaji wetu hawawezi kuona tendo hilo, kosa ni letu waalimu, tuliowazoeza kutazama panga za mbao.

Hoja ya pili ni kwamba mchezo unawavunjia heshima askari, kwa kuwa shujaa wake ni mtu asiyekwenda vitani. Hoja hii yaonyesha kwamba msemaji hajui habari za vita ile. Wanajeshi wa Marekani waliokufa katika Vita Kuu ni kama 116,000. Waliouawa katika mapigano ni pungufu ya nusu yao. Waliobaki wengi waliuawa na maradhi, na katika maradhi hayo mafua yalikuwa mbele ya yote. Kijana aliyekufa kambini akikohoa damu kabla hajauona uso wa adui, je, hakuwa askari? Mama yake alilia nusu ya machozi? Asemaye kwamba tukitaja maradhi tunapunguza ushujaa, ndiye anayewanyima heshima wengi katika wale wale anaojidai kuwatetea.

Tena maradhi yale hayakuwa mgeni aliyepita njia wakati vita inapiganwa. Vita ndiyo iliyoyabeba. Mwezi wa Machi mwaka wa 1918 askari wengi waliugua katika kambi ya Funston huko Kansas. Baadaye, mwezi wa Septemba, yalilipuka kwa ukali mkubwa katika kambi ya Devens, karibu na Boston. Katika kambi hizo maelfu ya vijana walilala wakigusana, kisha wakapakiwa katika magari ya moshi na meli, wakapelekwa huku na huko, na ugonjwa ukasafiri pamoja nao bila tikiti. Mwezi wa Agosti meli ya kivita iliufikisha Freetown, Afrika ya Magharibi, nao ukaenea bara. Na ajabu ya ugonjwa ule ni kwamba haukuchagua vikongwe na wachanga tu kama ilivyo desturi ya mafua. Uliwakata sana watu wa miaka ishirini mpaka arobaini, yaani wale wale ambao vita ilikuwa ikiwataka. Kwa hesabu ambayo wataalamu wengi huifuata, waliokufa Marekani peke yake ni kama 675,000, na katika dunia nzima kama milioni 50.

Kwa nini basi jambo kubwa hivyo lilisahauliwa, hata tunashangaa tukiliona katika mchezo? Sababu moja ni kwamba lilifichwa. Mataifa yaliyokuwa vitani hayakutaka adui ajue kwamba askari wao wanaugua, wala hayakutaka watu wao wavunjike moyo. Katika Marekani ilitungwa sheria mwezi wa Mei mwaka wa 1918 ya kuwaadhibu wanaoisema vibaya serikali na jeshi wakati wa vita, na wenye magazeti walijifunza kunyamaza. Hispania haikuwa vitani. Magazeti yake yaliandika waziwazi, hata habari ya Mfalme Alfonso kuugua yaliiandika, na thawabu yake ikawa kwamba ugonjwa ukaitwa wa Kihispania. Aliyesema kweli ndiye aliyebandikwa jina la aibu. Jambo hili hutokea hata katika vijiji vyetu: nyumba ya kwanza kukiri kwamba ina mgonjwa ndiyo inayoambiwa kwamba imeleta ugonjwa.

Na matokeo ya kuficha yalionekana. Katika mji wa Philadelphia, tarehe 28 Septemba 1918, palifanywa maandamano makubwa ya kuchangisha fedha za vita. Madaktari walikuwa wameonya kwamba ugonjwa umekwisha kuingia mjini. Wakuu wakaona kwamba kuyavunja maandamano ni kuvunja moyo wa watu. Watu kama 200,000 wakasongamana njiani, ngoma zikapigwa, bendera zikapepea. Hazikupita siku tatu, hospitali zikajaa. Katika majuma machache yaliyofuata walikufa watu zaidi ya 12,000 katika mji huo mmoja, hata makaburi na majeneza yakaadimika. Lakini mji wa St. Louis ulifunga mapema shule, makanisa na nyumba za michezo, na waliokufa huko, kwa kulinganisha na wingi wa watu, hawakufika nusu ya waliokufa Philadelphia. Wahenga wetu walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakuwa wameona Philadelphia, lakini walijua.

Msomaji ataona kwamba nimetaja nyumba za michezo kuwa zilifungwa. Neno hilo ni kubwa kwetu tunaopenda michezo. Mwaka wa 1918 jukwaa lilinyamazishwa, na lilikuwa haki linyamazishwe, kwa kuwa kukusanyika kulikuwa kufa. Lakini hatari ilipokwisha, jukwaa lilifunguliwa, nalo likaendelea kunyamaza juu ya jambo lile lile lililolifunga. Waandishi wachache tu walithubutu. Katherine Anne Porter, aliyezaliwa Texas na kunusurika na mafua hayo huko Denver, alitoa hadithi yake mwaka wa 1939. William Maxwell, aliyefiwa na mama yake, aliandika yake mwaka wa 1937. Mtaalamu wa historia Alfred Crosby alipokitoa upya kitabu chake mwaka wa 1989, alikipa jina linalosema kwamba Marekani imeusahau ugonjwa ule. Basi Foote alipoliweka jambo hili juu ya jukwaa alikuwa akilipa deni ambalo wenzake walikuwa wamelikimbia. Sisi nasi, tunapokataa kuucheza kwa sababu ya huzuni yake, tunajiunga na wale waliokimbia.

Nafika sasa kwenye hoja ya huzuni, nayo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, sitaidharau. Wenzangu husema, "Tumetoka juzi katika Korona. Katika madarasa yetu wako watoto ambao mwaka wa 2020 na wa 2021 walipoteza wazazi. Je, twende tukawaamshie kidonda?" Swali hili limetoka katika moyo wa huruma, na mwalimu asiyelijali hafai kukabidhiwa watoto. Nakubali kwamba mtoto aliyefiwa asilazimishwe kucheza nafasi ya Horace wala ya Elizabeth. Nakubali kwamba wazazi waambiwe mapema mchezo unahusu nini, ili asiyeweza kuutazama akae nyumbani bila kuulizwa sababu. Nakubali pia kwamba mwalimu akae na wachezaji wake baada ya kila zoezi, asiwaache waondoke na maneno ya msiba vichwani mwao bila kuzungumza. Lakini zaidi ya hapo sikubali.

Maana natazama jinsi tulivyofanya katika miaka ile. Palikuwa na mazishi ya watu wachache waliosimama mbali mbali. Palikuwa na matanga yasiyolaliwa. Palikuwa na watu waliosema kwamba marehemu alikufa kwa jambo jingine, kwa kuwa jina la ugonjwa lilikuwa limegeuka aibu. Desturi yetu ya tangu zamani ni kwamba msiba huliwa pamoja. Watu huja, hukaa, hupika, hutaja jina la aliyekufa, hucheka kidogo wakikumbuka vituko vyake, hulia tena. Sisi hatukupata nafasi ya kufanya hivyo. Watoto hao tunaowahurumia hawakuumizwa na maneno mengi. Waliumizwa na ukimya. Mchezo unaoonyesha nyumba iliyofiwa, ambamo watu wanaingia na kutoka na kusema waziwazi, ni kama tanga lililochelewa. Si dawa, wala sidai kwamba ni dawa. Lakini kuketi pamoja na majirani na kuona kwamba mtu wa mbali, wa rangi nyingine na wa karne nyingine, alizinduka akaambiwa neno lile lile uliloambiwa wewe, hilo halimuumizi mtu kama kuambiwa kila siku anyamaze.

Hoja ya nne ni kwamba mambo haya ni ya Wamarekani. Hapa naomba wenzangu wafikiri kidogo. Je, ule mchezo wa mfalme wanaoupenda si wa Shakespeare, Mwingereza aliyekufa mwaka wa 1616? Kumbe ugeni si tatizo. Tatizo ni kwamba mgeni huyu haleti taji na upanga. Lakini yuko karibu nasi zaidi kuliko mfalme yeyote. Mji mdogo ambao kila mtu anajua mambo ya kila mtu; mkwe mwenye mali ambaye msaada wake una kamba; kijana aliyeshindwa masomo na anayetaka kuwa shujaa kwa njia ya mkato; mwanaume anayetafuta fedha ya kuliwekea jiwe kaburi la baba yake: ni nani katika sisi asiyewajua watu hawa? Wabadilishe majina, utawakuta sokoni kesho.

Tena vita ile na ugonjwa ule havikuishia Texas wala Ufaransa. Vilifika hapa. Vita ya Afrika ya Mashariki ilichelewa kwisha, maana jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck liliweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya amani kutangazwa Ulaya. Waliobeba vita hiyo vichwani na mabegani walikuwa wapagazi, mamia ya maelfu ya wanaume waliotolewa vijijini. Wengi wao walikufa, na waliowaua zaidi si risasi bali maradhi, njaa na uchovu. Jina lao tunalitamka kila siku bila kufikiri, maana Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina yao katika jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Tunakwenda kununua nyanya juu ya kumbukumbu ya watu waliokufa, na wala hatujui.

Na mafua yalikuja nyuma ya vita kama fisi nyuma ya kundi. Yaliingia kwa njia ya bandari, yakafuata reli na njia za wapagazi warudio kwao, yakawakuta watu waliokwisha dhoofika. Katika Ugogo yaliwakuta watu ndani ya njaa iitwayo Mtunya, iliyodumu tangu 1917 hata 1920, baada ya majeshi kuchukua nafaka yao, ng'ombe zao na wanaume wao, kisha mvua nayo ikakataa. Askari wa Kiafrika wa von Lettow-Vorbeck, walioivuka miaka minne ya mapigano, wengine waliwekwa kambini Tabora baada ya kusalimu amri, na mafua yakawaua humo. Nani ameandika mchezo juu ya askari huyo? Alipona risasi miaka minne, akafa kwa kikohozi wakati vita imekwisha. Horace wa Texas ni ndugu yake. Anayesema kwamba mambo haya hayatuhusu hajasoma habari za nchi yake.

Hapo watu wengine husema, "Vema, kama ni hivyo tuandike wa kwetu, tuache wa Foote." Nami najibu kwamba tuandike wa kwetu, lakini tusitumie mchezo usioandikwa kuuzuia ulioandikwa. Fundi seremala humpa mwanafunzi wake kiti kizuri akivunje na kukiunga tena, ndipo amwambie atengeneze chake. Tukiucheza 1918 kwa uaminifu tutajifunza jinsi msiba mkubwa unavyoweza kukaa ndani ya chumba kimoja. Baada ya hapo tutajua namna ya kuujenga wa kwetu. Tusipojifunza, tutaandika tu mchezo mwingine wa mfalme, ila mfalme huyo tutamvika koti la daktari.

Neno hilo lanifikisha kwa watu ambao kwa kweli nawaogopa kuliko wanaokataa, nao ni wale wanaokubali kisha wakataka kuutengeneza. Hao husema, "Mchezo ni mzuri, ila tuutie uhai." Mmoja anataka gwaride la askari na tarumbeta mwanzoni. Mwingine anataka kaburi la mtoto lionekane na wanawake wapige mayowe. Wa tatu anataka daktari ajitokeze mwishoni, awaeleze watazamaji namna ugonjwa unavyoenezwa na namna ya kunawa mikono. Nawaomba ndugu hao waweke chini nyundo zao.

Gwaride halifai kwa kuwa vita katika mchezo huu iko mbali, na umbali huo ndio maana yake. Watu wa Harrison wanaisikia vita kwa magazeti na kwa maneno, na kwa hiyo inawang'aria. Ukileta askari jukwaani na tarumbeta, watazamaji watashangilia tarumbeta, na Horace ataonekana mwoga mbele yao kama alivyoogopa kuonekana mbele ya mji wake. Utakuwa umejiunga na mji kumwonea.

Mayowe hayafai kwa kuwa mwandishi amekificha kifo cha Jenny kwa makusudi. Hatukioni, kama Horace asivyokiona. Tunakijua pale anapoambiwa, tukiwa tumekaa naye. Sauti kubwa itawafanya watazamaji wamtazame mchezaji na kusema kwamba analia vizuri. Sauti ya chini itawafanya waione nyumba ile na kile kitanda kidogo kisicho na mtu. Najua ni vigumu. Mtoto wa shule akipewa neno la msiba hutaka kulipigia kelele, kwa kuwa amefundishwa hivyo. Kazi ya mwalimu ni kumrudisha kwenye maneno, alitamke kama angelitamka kwao jikoni.

Na yule daktari mwenye majibu yote, huyo ni uongo mtupu. Mwaka wa 1918 daktari hakujua kilichowaua watu. Wengi walidhani ni bakteria ambaye siye. Kirusi cha mafua ya binadamu kilitambuliwa mwaka wa 1933. Penisilini, ambayo ingewaokoa wengi waliokufa kwa kuungua mapafu baada ya mafua, iligunduliwa mwaka wa 1928. Madaktari na wauguzi walifanya kazi mpaka wakaanguka, wengi wakafa, na walichoweza kutoa ni maji, blanketi na kukaa karibu. Ukimweka jukwaani daktari anayejua, umewanyang'anya watu wa 1918 giza lao, na pamoja na giza hilo umewanyang'anya ujasiri wao. Mambo ya kunawa mikono ni ya lazima, na saa yake imo katika ratiba ya shule. Tusiyapachike kwenye mchezo kama kiraka chekundu juu ya kanzu nyeupe.

Tumekuwa na ugonjwa huu siku nyingi, sisi waalimu, kwamba hatuwezi kumwachia mtazamaji afikiri mwenyewe. Lazima mmoja asimame mwisho awaambie walichokiona. Naona kwamba ni kiburi, ijapokuwa kimevaa nguo ya bidii. Mkulima aliyemzika mtoto wake haitaji kufundishwa na mimi maana ya kumzika mtoto. Anachohitaji ni kuona kwamba jambo lake limehesabiwa kuwa kubwa, lifaalo kuwekwa mbele ya watu wote.

Basi nashauri mambo matatu. Kwanza, wanaotaka kuucheza mchezo huu waombe kibali kwa wenye haki yake, na cha kuutafsiri pia. Kazi ya mtu ina mwenyewe, hata kama amekufa, na shule isiyoheshimu mali ya mwandishi haiwezi kuwafundisha watoto kutoiba. Kibali kikichelewa, usomwe darasani na kuzungumzwa. Pili, uchezwe kwa vyombo vichache, yaani meza, viti, kitanda na baraza. Hauhitaji mapazia ya bei wala mavazi ya kukodi, kwa hiyo wale wasemao kwamba shule haina fedha nao wamejibiwa. Tatu, wanafunzi watakaocheza watumwe kwanza kwa wazee wa mahali pao, waulize habari za mababu waliochukuliwa upagazi na habari za ugonjwa uliokuja baada ya vita. Waliouona mwaka ule kwa macho hawapo tena, lakini wajukuu wao wapo, na wengine wamebaki na jina la mtu aliyekwenda asirudi. Majina hayo yaandikwe katika daftari na kuhifadhiwa shuleni. Humo ndimo utakamotoka mchezo wetu wenyewe, na utakuwa na watu wa kweli ndani yake.

Nimemaliza. Ikiwa yuko mwalimu mwenye hoja bora ya kuuzuia mchezo huu, nami naamini Mhariri hatamnyima nafasi, aitoe hapa tuipime. Lakini aanze kwa kuusoma. Na asituambie tena kwamba watu hawataki kukumbuka, kwa kuwa hakuna aliyekwisha kuwauliza.

Ni mimi,
Mwalimu wa shule, mpenda michezo